Mfuko wa Sampuli: Siku Kumi za Kusaka Spea za Datsun 240Z Dar es Salaam

Jumamosi

Gari limelala uani kwangu Tabata tangu mwezi uliopita. Ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, gari la michezo la Kijapani (Datsun ni jina la zamani la magari ya Nissan), usukani kulia, namba ya chesisi inaanza na HS30. Nililinunua kwa mzee mmoja wa Upanga. Alikuwa amelifunika turubai chini ya mwarobaini kwa miaka ambayo hata yeye ameacha kuihesabu. Limepakwa rangi nyeupe, tena kwa brashi sehemu nyingine, na tairi zote nne zimekaa chini. Leo ndiyo siku ya kwanza ya likizo yangu. Kabla fundi hajawasha gesi nataka kujua gari linahitaji nini, kipi kinapatikana hapa mjini, na kila kimoja ni shilingi ngapi.

Kazini mimi ni mtunza stoo, kwa hiyo daftari la gari nimelichora kama kadi za stoo: kitu, kipimo chake, bei niliyotajiwa, bei niliyolipa. Nina milioni 14, nusu akiba na nusu mkopo wa SACCOS. Nimezigawa hivi: bodi na rangi milioni 5, injini milioni 3.2, breki na miguu (springi na shokapu) milioni 1.8, umeme milioni 1, dharura milioni 3. Shemeji yangu alipoona dharura imepewa karibu sawa na injini alidhani nimekosea kuandika. Sikukosea. Gari la zaidi ya miaka 50 lililoishi kilomita mbili kutoka baharini litakuwa na kitu limekificha.

Nikaanza na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Niliizungushia kitambaa na kuipitisha taratibu juu ya bodi. Penye bati inanasa, penye puti ya kuzibia mashimo inateleza na kudondoka. Ilidondoka juu ya matao yote mawili ya tairi za nyuma, ikadondoka nyuma ya mlango wa kulia, na chini ya taa za nyuma haikunasa kabisa kwa upana wa kiganja. Kisha nikashika bisibisi. Chini ya trei ya betri, pale asidi ilipokuwa ikidondoka miaka yote hiyo, bati lilimenyuka tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukuma. Sakafu ya upande wa dereva bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini. Magari haya yanajulikana kuoza maeneo hayo hayo popote duniani: trei ya betri, sakafu, kingo za chini ya milango, matao ya nyuma. Kwa hiyo sikushtuka. Nilipima kila shimo kwa futi kamba nikaandika.

Jioni nilitoa plagi zote sita, nikamimina kwenye kila tundu kijiko kimoja cha mafuta ya injini yaliyochanganywa na dizeli, nikaacha yalale humo.

Jumapili

Baada ya ibada nilivaa ovaroli. Spana ya 27 kwenye bolti ya puli ya mbele, mikono miwili, nikavuta polepole. Mwanzo ilikuwa kama kuvuta mwamba. Halafu kikasikika kilio chembamba, kama bawaba ya kabati la zamani, na puli ikasogea robo mzunguko. Nikarudisha nyuma kidogo, nikasogeza tena mbele. Baada ya saa moja injini ilikuwa inazunguka mizunguko kamili kwa mkono. Nilikaa chini kwenye kigoda nikamshukuru Mungu.

Kisha nikasugua ubavu wa bloku upande wa plagi kwa brashi ya waya, nitafute namba. Nilitegemea kuona L24, maana ndiyo injini ya 240Z: silinda sita kwa mstari, sentimita za ujazo 2,393, tundu la silinda milimita 83. Iliyojitokeza chini ya masizi ni L28.

Nikapanda bajaji kwenda Upanga.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Limewaka?”

“Bado, mzee. Nimeona namba ya injini siyo yake.”

Alicheka, akaniambia nikae. Ile ya kwanza, alisema, ilichemka njiani Chalinze mpaka hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, ikapinda, na spea haikupatikana. Fundi wake wa wakati huo akamtafutia injini ya Nissan Patrol ya petroli, zile za miaka ya 1980, ambayo ni ya ukoo huo huo wa L. Ikaingia, gari likatembea miaka mingine kabla ya kulazwa. Aliniletea chai ya tangawizi na tukazungumza mpaka magharibi. Ujanani alilitaka gari hili kwa sababu ya Safari. Mwaka 1970 Datsun 1600 SSS ilishinda mashindano ya magari ya East African Safari, na mwaka uliofuata Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda tena, safari hii kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akaichukua na Lofty Drews kwa 240Z nyingine. Siku hizo mashindano yalikuwa yanakatiza Kenya, Uganda na Tanzania, kwenye vumbi na tope letu hili. “Watu wanasema gari la michezo ni la barabara laini,” alisema mzee. “Hili lilipimwa kwenye makorongo.”

Wapo watakaoniambia nitafute L24 nirudishe gari kama lilivyotoka kiwandani. Nawaelewa, ila sitafanya hivyo. Injini ya Patrol ndiyo iliyoliweka hai gari hili hapa Dar, nayo ni sehemu ya historia yake. Isitoshe L28 ina tundu la milimita 86 na ujazo wa 2,753, na spea zake ni rahisi kuliko za L24. Nimeandika daftarini: kadi ya gari bado inasoma namba ya injini ya zamani, taarifa zibadilishwe kabla ya bima.

Jambo moja lilininyima usingizi. Ijumaa nilikuwa nimeshamlipa muuzaji mmoja kwa simu shilingi 180,000, seti ya gasketi za L24, zile za kuziba maungio ya injini. Nilimpigia. Akasema mzigo umeshatoka, na nisiwe na wasiwasi, Datsun ni Datsun.

Jumatatu

Gerezani, Mtaa wa Shaurimoyo, saa mbili asubuhi. Maduka ya kwanza matano niliingia na kuuliza, “Kaka, mna spea za Datsun 240Z?” Watano wote walisema hakuna. Mmoja aliuliza kama hilo ni gari au trekta, naye aliuliza kwa nia njema, kwa sababu alizaliwa wakati jina la Datsun limeshaondolewa sokoni.

Duka la sita sikutaja gari. Nilifungua mfuko wangu wa sulfeti nikaweka vitu juu ya kaunta: beringi ya altaneta, oili sili ya mbele ya injini, mkanda wa feni, raba za silinda ndogo za breki za nyuma, plagi moja. Kijana akaishika beringi, akaifuta kwa kidole gumba, akasoma 6303. Hiyo namba ni lugha ya dunia nzima: tundu milimita 17, upana wa nje 47, unene 14. Akasema hapa hakuna ila vuka barabara, wauza mota za umeme wanazo. Kweli, nilizikuta kwenye boksi pamoja na beringi za mota za mashine za kusaga. Shilingi 12,000.

Oili sili nayo imeandikwa ubavuni vipimo vitatu, wa ndani, wa nje na unene. Yangu ilikuwa imelika, maandishi hayasomeki, kwa hiyo nilipima kwa vernia pale pale kaunta, na shafti nilikuwa nimeshaipima nyumbani. Mwenye duka alishusha kopo la sili mchanganyiko tukatafuta pamoja. Raba za breki zilikuwa na 7/8 ndani ya kikombe, inchi, yaani milimita 22.2. Akatoa pakiti bila hata kuniuliza za gari gani. Plagi ilikuwa NGK BP6ES, ambayo ipo kila kona.

Nimekuja kuona kwamba Dar ina spea nyingi sana za gari langu, ila hakuna anayejua kuwa ni za gari langu. Zimekaa kwenye maboksi ya pikipiki, ya mota, ya Patrol, ya Hilux. Ukiuliza jina unanyimwa, na hupaswi kumlaumu mtu, maana jina hilo halimo kwenye mpangilio wa stoo yake. Ukiweka chuma mezani, muuzaji wa Gerezani ana jicho ambalo halipo kwenye katalogi yoyote. Vitu kumi na moja kati ya kumi na sita vya orodha ya leo nimevipata, kwa shilingi 148,000 zote pamoja.

Jumanne

Kutoa hedi. Kwenye injini za L kuna mtego ambao kila fundi mgeni anauangukia. Kamshafti, shafti inayofungua valvu, iko juu, inaendeshwa na mnyororo mrefu, na chini ndani ya kava ya mbele kuna kifaa cha springi kinachoukaza. Ukifungua gia ya kamshafti bila kuukaba mnyororo, kile kifaa kinaruka kutoka mahali pake, na hapo hakirudi mpaka uvue kava yote ya mbele. Kwa hiyo asubuhi nilichonga kabari ya mbao. Ubao laini wa kreti, urefu wa kiganja na nusu, mwembamba chini na mpana juu, na kamba imefungwa kichwani ili usizame ukapotea. Fundi wangu wa injini aliitazama akaigonga taratibu kati ya pande mbili za mnyororo hadi ikabana. “Hapo sawa dada,” akasema, na ndipo akashika spana.

Hedi ilitoka saa nane mchana. Kuta za silinda ni nzuri kuliko nilivyotegemea, kutu kidogo tu kwenye ya tano, na ilitoka kwa kusuguliwa.

Saa kumi bodaboda akaleta ule mzigo. Nilifungua pakiti, nikalaza gasketi ya hedi juu ya bloku, nikapanga matundu ya bolti. Yalikaa sawasawa. Lakini pete ya chuma ya kila silinda ilichungulia ndani ya tundu, milimita moja na nusu kila upande, duara jembamba linalong'aa pale ambapo pistoni inapita. Ukiifunga hivyo, moto unaila ile pete. Nilipiga picha nikamtumia muuzaji. Akajibu kuwa pakiti imeshafunguliwa, hairudi. Nilimkumbusha kuwa Jumapili nilimwambia, hakujibu tena. Shilingi 180,000 zimeingia kwenye safu ya dharura, na imeniuma, kwa sababu nilisema mapema na sikusikilizwa.

Seti ya L28 niliipata kesho yake asubuhi kwa muuza spea za Patrol, 210,000. Alikubali niilaze kwanza kwenye bloku ndipo nilipe. Aliniamini niende nayo Tabata na kurudi.

Jumatano

Ilala, kwenye spea mtumba. Breki za mbele za gari hili zilishikana kwa kutu, pistoni hazitoki hata kwa grisi gani. Kaliperi mpya, yaani vibanio vya diski, zinapatikana nje ya nchi. Lakini wapenzi wa Z waligundua zamani kwamba kaliperi za Toyota Hilux ya magurudumu manne ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, zenye pistoni nne kila moja, zinafungwa kwenye bolti zile zile za 240Z. Na hapa mjini Hilux za zamani ni kama mchanga wa pwani.

Nilikwenda na diski yangu begani. Muuzaji alinitolea kaliperi tatu, nikaipitisha diski katikati ya kila moja na kupima nafasi kati ya bolti. Jozi iliyokaa vizuri alitaka 320,000, tukaafikiana 240,000, na akaandika kwenye risiti kwamba zikigoma kukaa ndani ya rimu nazirudisha. Vifaa vya ndani, yaani sili na raba za vumbi, nimenunua vipya kwa 70,000. Breki ya mtumba bila kubadilisha raba siwezi kuiweka kwenye gari ninalompakia mwanangu. Fundi akanikumbusha kwamba pistoni nyingi zinahitaji mafuta mengi zaidi, kwa hiyo mastasilinda, pampu kuu ya breki, kubwa zaidi ya ile ya inchi 7/8 iingie kwenye orodha. Imeingia.

Alhamisi

Gari la kuvuta limelipeleka 240Z Chang'ombe kwa fundi bodi, 80,000. Alizunguka gari mara mbili mikono ikiwa nyuma, hakusema kitu. Halafu akachukua chaki akaanza kuchora mistari ya kukata.

Hapa ndipo bajeti inapokwenda, kwenye bodi kuliko kwenye injini. Tulikaa kwenye benchi tukagawa kazi: kipi kichongwe hapa na kipi kiagizwe. Sakafu ni bati lililokunjwa na kupigwa mifereji, anaweza kulitengeneza kwa nyundo na bomba la chuma. Karatasi moja ya bati jeusi geji 18, yaani milimita 1.2, kwa sakafu na mihimili ya chini, 95,000, na moja ya geji 20, milimita 0.9, kwa sehemu za nje, 80,000. Nilimwuliza kuhusu bati la mabati lililopakwa zinki, kwa kuwa halishiki kutu upesi. Akakataa: ukilichomelea moshi wake unaumiza kifua, na penye mchomo ile zinki inaungua hata hivyo. Afadhali bati jeusi, rangi ya kuzuia kutu na nta ndani ya mihimili. Ufundi wake wa sakafu, mihimili, kingo na matao: milioni 2.2.

Vya kuagiza ni vile vyepesi ambavyo mkono hauwezi kuvitengeneza. Niliangalia seti nzima ya mipira ya milango, kioo cha mbele na mlango wa nyuma kutoka Marekani. Bei yake 780,000, usafiri 310,000. Wengi wanaishia hapo. Lakini ushuru hautozwi kwenye bei ya bidhaa peke yake. Unatozwa kwenye bei pamoja na usafiri na bima, halafu VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Hesabu yangu mpaka mzigo ufike mkononi ilikuwa 1,650,000, zaidi ya mara mbili ya bei niliyoiona mwanzo. Nikaiacha. Nitaagiza mpira wa kioo cha mbele peke yake, kwa sababu umbo lake halikubali mbadala na maji yakipita hapo sakafu mpya inaoza tena. Huo utafika kwa kama 420,000. Ya milango nitanunua kwa mita Kariakoo, nikikata kipande cha wa zamani kwenda nacho.

Ijumaa

Vingunguti, kwa fundi wa mashine za kuchonga. Aliweka rula ya chuma juu ya hedi akapitisha kipimo cha unene chini yake. Kikomo cha kupinda kwa hedi hizi ni milimita 0.1, yangu imepinda 0.15 katikati.

Nilimwomba achonge kidogo kabisa, usawa tu, asiongeze hata nywele. Kila unachokipunguza kinaishusha kamshafti karibu na shafti ya chini, mnyororo unalegea, na muda wa valvu unachelewa. Nissan walilijua hilo, ndiyo maana gia ya kamshafti ina matundu matatu ya kuipachika, ili unaposhusha hedi uhamie tundu la pili au la tatu. Yangu ilikuwa bado kwenye la kwanza. Fundi alifurahi kuyaona, akawaita vijana wake wawili waje watazame. Kuchonga, kusaga valvu na vikalio vyake: 260,000. Nilisubiri pale mpaka imalizike, na uso wa hedi ulipotoka ulikuwa safi kama sahani ya aluminiamu inayotoka dukani.

Kabureta mbili za Hitachi amebaki nazo. Vitundu vinavyobeba shafti za mfuniko wa hewa vimelika, vinavuta hewa, naye atavichongea bushi za shaba.

Jumamosi

Mvua tangu alfajiri. Barabara ya kwetu haipitiki. Nimepanga risiti.

Jumatatu

Fundi bodi alinipigia saa nne. “Njoo uone kabla sijatupa.”

Nilikuwa Chang'ombe kabla ya saa sita. Ameshakata sakafu ya upande wa dereva. Kama nilivyohofia, mhimili wa chini yake umeoza mbali zaidi ya mstari wa chaki, mpaka karibu na ukuta wa injini. Nyongeza yake ni 450,000. Tulipima pamoja, nikakubali, nikaandika kwenye dharura. Zimebaki 2,370,000 kwenye safu hiyo.

Lakini hakuniitia hilo. Alikuwa ameshika kipande cha sakafu cha ukubwa wa daftari, kutoka karibu na nguzo ya mlango, ambapo bati lilikuwa bado zima. Juu yake kulikuwa na lile tabaka nene la lami wanalobandika kiwandani kuzuia kelele. Alilipasha moto kidogo akalibandua kwa kisu, likatoka kama gamba. Chini yake palikuwa kijani. Kijani kizito, cha majani ya mwembe baada ya mvua, kinang'aa, hakijawahi kuona jua wala brashi ya mtu tangu 1972.

Mzee wa Upanga alilinunua likiwa jeupe tayari. Hakuwahi kuniambia rangi yake ya kwanza kwa sababu hakuijua. Nilimpigia nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akauliza, “Kijani gani?”

Nikashindwa kumwambia. Nilikifuta kile kipande kwa petroli, nikakifunga kwenye gazeti, nikakitia kwenye mfuko pamoja na mpira wa mlango. Kesho kinakwenda Kariakoo kwa wachanganya rangi, na nikitoka huko nitapitia Upanga nimwoneshe.